Malisho huharibiwa masika: mwongozo wa kuchunga kwa kufuata tabia ya mifugo, mkoani Tabora

Wafugaji wengi wa Igunga, Nzega, Uyui na Sikonge huanza kuhofia malisho Septemba, ng'ombe wanapokonda na vumbi kutanda. Wakati huo madhara yameshatokea zamani. Nyasi nyingi za kudumu hufa Novemba na Desemba, mvua za kwanza zinapoanguka na kila mtu anafurahia kijani. Shina lililolala kiangazi chote huchipua kwa akiba iliyomo kwenye mizizi yake. Ng'ombe akilikata, likachipua tena, akalirudia kabla majani hayajatosha kurudisha akiba hiyo, mizizi hufupika. Likirudiwa mara ya tatu na ya nne, hung'oka kwa kuvutwa tu. Pengo lake huzibwa na magugu ya msimu mmoja, au hubaki kipara.

Kwa hiyo idadi ya mifugo si jambo pekee la kutazama. Jambo kubwa ni kundi linakaa siku ngapi mahali pamoja, na linarudi baada ya siku ngapi. Ukijua mnyama anachaguaje chakula, utajua pa kulizuia kundi na pa kuliachia.

Midomo haifanani

Ng'ombe hana meno ya mbele juu. Huzungusha ulimi kwenye fungu la majani, hulibana na kulivuta. Ndiyo maana hupenda nyasi zenye kimo cha sentimita 15 hadi 40, na hupata shida penye nyasi fupi sana. Ukiona ng'ombe wako wanang'ang'ania ukoka uliolala chini, ujue nyasi ndefu nzuri zimekwisha, au zimekomaa na kuwa mabua yasiyolika.

Kondoo ana mdomo wa juu uliopasuka, kwa hiyo hukata karibu kabisa na udongo. Punda ana meno ya mbele juu na chini, naye hukata chini sana. Kondoo na punda wakipitishwa mahali ambapo ng'ombe wametoka tu, humaliza hata ile sehemu ya shina ambayo ingechipua. Wapelekeni kwingine, au wapite siku zile zile ng'ombe walipo, kisha wote watoke pamoja.

Mbuzi hula majani ya vichaka na miti kuliko nyasi. Husimama kwa miguu ya nyuma na kufikia karibu mita mbili. Penye mkulagembe, ambao Wanyamwezi huuita mtundulu, mbuzi ni msaada mkubwa ikiwa miche bado ni midogo. Kichaka kikishapita kimo chake hawezi kukirudisha nyuma, na hapo itabidi panga na jembe.

Hatua ya 1: Lifuate kundi siku nzima

Fanya hivyo mara mbili kwa mwaka: siku moja Januari na siku nyingine Agosti. Beba daftari, saa na kamba. Toka na ng'ombe, usiwaongoze, mwachie mchungaji wa kila siku afanye kama kawaida yake. Andika saa ya kutoka zizini, saa ya kufika malishoni, walipokula, walipolala kucheua, saa ya kunywa maji, na njia waliyorudia.

Chagua ng'ombe mmoja mtulivu umhesabu anavuta majani mara ngapi kwa dakika. Kawaida ni kati ya 30 na 60. Hesabu hiyo peke yake haitoshi, kwa sababu nyasi zikiwa fupi ng'ombe huongeza kasi ya kuvuta huku kila tonge likiwa dogo. Kwa hiyo hesabu na hatua. Akivuta mara nyingi kabla ya kusogea, malisho yanatosha. Akivuta mara mbili tatu na kutembea, mara mbili tatu na kutembea, anatumia nguvu nyingi kutafuta kuliko anazopata. Kundi linalokwenda kichwa juu kwa mwendo wa haraka halijapata chakula hata kama mahali pana kijani.

Jioni, kabla hawajaingia zizini, tazama ubavu wa kushoto nyuma ya mbavu. Shimo lililojaa na kuwa sawa na mbavu ni shibe; likibonyea kiasi cha kuingia ngumi, siku imepotea. Asubuhi tazama kinyesi. Kinyesi laini kinachotandaa kama uji mzito ni cha chakula chenye protini ya kutosha. Kinyesi kilichopangana kwa pete ngumu na kukauka haraka ni cha majani makavu yasiyo na nguvu, na hapo hata akijaza tumbo ataendelea kukonda. Nyasi zenye protini chini ya asilimia 7 hazitoshelezi vijidudu vya tumboni vinavyosaga chakula, kwa hiyo ng'ombe hula polepole na kidogo. Nyasi zilizokomaa za kiangazi huwa chini ya kiwango hicho.

Kosa linaloonekana sana kwenye daftari la namna hii ni saa za kutoka. Ng'ombe hula kwa bidii alfajiri na jioni. Jua la saa sita hadi saa tisa hulala kivulini na kucheua. Kundi likitolewa saa nne na kurudishwa saa kumi na moja, limekosa nyakati zake bora zote mbili. Wakati wa masika kuna sababu ya kusubiri umande ukauke, maana viluwiluwi vya minyoo hupanda juu ya majani yenye unyevu. Kiangazi hakuna umande wa kusubiri. Watoke saa kumi na mbili asubuhi.

Hatua ya 2: Jua udongo wako na umbali wa maji

Chora ramani chini au kwenye karatasi. Gawa eneo kwa majina mnayoyatumia: luseni, yaani udongo wa kichanga wa miinuko, ibambasi, ule mgumu unaoziba maji ukikauka, na mbuga, udongo mweusi wa bondeni kama ule wa Wembere.

Luseni hukauka mapema, nyasi zake hukomaa haraka, lakini hubeba ng'ombe bila kuharibika mvua inaponyesha. Mbuga hukaa na unyevu hadi Juni au Julai. Ikiwa imelowa, kwato huzama, hung'oa mashina na kuacha mashimo yanayokauka kama tofali. Hivyo mpango wa msingi ni luseni wakati wa mvua, mbuga baada ya mvua. Ibambasi ndiyo ya kuogopa zaidi, maana ikishakuwa kipara mbegu hazishiki na mvua hutiririka juu yake hadi kufungua korongo.

Kisha weka alama ya kila lambo, kisima na mto. Ng'ombe akiachiwa mwenyewe hula zaidi ndani ya kilomita 2 kutoka penye maji, na ukipita kilomita 5 ni lazima mtu ampeleke. Ndiyo maana kandokando ya lambo panakuwa vumbi tupu huku kilomita 6 mbele nyasi zinazeeka bila kuguswa. Kuchimba lambo la pili kunasaidia, lakini bila mpango utaongeza kipara cha pili.

Hatua ya 3: Wiki nne za mwanzo wa mvua

Hapa ndipo pa kuweka nguvu zako zote. Ng'ombe wamekaa miezi na nyasi kavu. Wakinusa kijani hawataki tena mabua. Hukimbizana na chipukizi za sentimita tano, hutembea siku nzima, hupata maji mengi na chakula kidogo, huharisha na kuendelea kukonda. Mfugaji anadhani wamepona njaa. Kumbe wanapoteza uzito na wanaua nyasi kwa wakati mmoja.

Fanya hivi:

1. Kabla ya mvua, tenga eneo moja la kusubiria. Lisiwe zuri. Shamba lililolala lenye magugu, au kipande cha luseni karibu na zizi, kinafaa. Kundi lote likae hapo, na likubalike kwamba eneo hilo litaumia kidogo mwaka huo. Mwaka unaofuata lichaguliwe jingine.
2. Hifadhi chakula cha wiki nne: mabua ya mahindi na mtama yaliyowekwa juu ya kichanja, pumba za mpunga, na mashudu ya pamba au alizeti. Nusu kilo hadi kilo moja ya mashudu kwa ng'ombe kwa siku inafanya ale mabua makavu zaidi, kwa sababu vijidudu vya tumboni vimepata protini. Wape asubuhi kabla ya kutoka, ili wasikimbilie kijani kwa njaa.
3. Fungua malisho ya kweli nyasi za kudumu zikifika kimo cha goti la ndama, takriban sentimita 20 hadi 25, na kila shina likiwa na majani matatu au zaidi yaliyofunguka. Usipime kwa ukoka wala kwa magugu. Pima kwa nyasi nene za mashina.

Tahadhari moja ya wakati huu huu: mtama mchanga, na machipukizi yanayotoka kwenye visiki vya mtama uliovunwa, yana sumu inayomnyima mnyama hewa. Anahema kwa kasi, anatetemeka, anaanguka, na anaweza kufa ndani ya saa moja. Usiingize ng'ombe wenye njaa kwenye shamba la mtama uliochipua baada ya mvua. Mabua yaliyokauka kabisa hayana shida hiyo.

Hatua ya 4: Vipande na mzunguko

Chipukizi la nyasi iliyokatwa huanza kufaa kuliwa tena baada ya siku tano hadi saba za mvua nzuri, na ng'ombe hulipenda kuliko nyasi ndefu iliyo pembeni yake kwa sababu ni laini. Atalirudia kila siku akiwepo. Hapo ndipo unapoona malisho yenye madoadoa: hapa pamenyolewa hadi udongo, pembeni nyasi imefika kiunoni. Kulazimisha ng'ombe wabaki hadi wale zile ndefu hakusaidii. Watamaliza kwanza zile fupi.

Gawa eneo la masika vipande 8. Uzio hauhitajiki. Tumia mipaka inayoonekana: njia, mstari wa miti, kichuguu, korongo. Kaa siku 6 kwenye kila kipande. Ukimaliza vinane, cha kwanza kimepumzika siku 42. Mvua zikisimama wiki mbili katikati, kama inavyotokea Januari au Februari, nyasi husimama pia. Punguza kasi ya mzunguko kwa kuwaongezea siku mbili kila kipande au kuwarudisha eneo la kusubiria. Watu hufanya kinyume: wakiona nyasi hazikui huharakisha kuhama, wanarudi kwenye kipande cha kwanza kabla hakijapona.

Toka kwenye kipande wakati nyasi zilizoliwa bado zina sentimita 8 hadi 10. Mchungaji apewe kijiti chenye alama ya kimo hicho. Kijiti kinafanya kazi kuliko maneno, hasa kama anayechunga ni kijana.

Namna ya kuchunga nayo ina uzito. Mchungaji akiwa nyuma akiswaga, ng'ombe hutembea na kuchagua ncha tamu tu. Akiwa mbele, anawapunguza mwendo, wanatandaa na kula karibu kila shina. Atangulie, asimame, awaache, asogee tena.

Chumvi iwekwe pale ambapo hawataki kwenda, angalau kilomita moja kutoka kwenye maji, juu ya gogo au jiwe. Ng'ombe mmoja hutumia gramu 20 hadi 30 kwa siku, hivyo kundi la 30 linahitaji chini ya kilo moja. Ihamishwe kila kundi linapohama. Chumvi iliyowekwa kando ya lambo inaongeza kukanyaga mahali ambapo pamekanyagwa tayari.

Njia ya kwenda majini ibadilishwe pia. Ng'ombe hufuatana mstari mmoja, na mstari mmoja unaoteremka mteremko ni mwanzo wa korongo. Ziba njia ya zamani kwa matawi ya miiba yaliyolazwa kuukata mteremko, kila baada ya mita 10, na uwapitishe kwa kuzunguka.

Hatua ya 5: Pima ngitili mwezi Mei

Ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yaliwe kiangazi, ni hazina ya wenye mifugo wa ukanda huu, na majirani wa Shinyanga wamethibitisha thamani yake: mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza 1986 ulijengwa juu ya desturi hiyo, na maeneo yaliyokuwa jangwa yakarudi kuwa na nyasi na miti. Ifunge mvua zinapoanza. Kama imejaa nyasi ndefu za kuezekea, ambazo zikikomaa huwa fito tupu, ipitishe ng'ombe haraka kwa siku nne au tano katikati ya Januari, kisha ifunge kabisa kuanzia Februari. Itatoa majani mengi na mabua machache.

Mwezi Mei, mvua zikikoma, pima. Tengeneza fremu ya vijiti ya sentimita 50 kwa 50. Tembea ngitili nzima ukiitupa bila kuchagua mahali, mara 10 au zaidi. Kila ilipoanguka, kata nyasi zilizomo ndani, ukiacha sentimita 5. Usihesabu miti wala magugu yasiyolika. Anika siku nne hadi tano juani, pima kwa mzani wa dukani, tafuta wastani wa fremu moja kwa gramu. Zidisha kwa 40. Unapata kilo za nyasi kavu kwa hekta.

Tuseme wastani ni gramu 45. Hiyo ni kilo 1,800 kwa hekta. Si zote za kuliwa: nyingine hukanyagwa, nyingine huliwa na mchwa, na nyingine lazima zibaki kufunika udongo. Chukua asilimia 35, yaani kilo 630 kwa hekta, au takriban kilo 255 kwa ekari.

Ng'ombe wa kilo 250 hula asilimia 2.5 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 6.25 za chakula kikavu. Ndama mhesabu nusu, punda nusu, mbuzi au kondoo kumi kwa ng'ombe mmoja. Kwa siku 90, kuanzia katikati ya Agosti hadi katikati ya Novemba, kila ng'ombe anahitaji kilo 563. Ngitili ya ekari 40 ina kilo 10,200. Inatosha ng'ombe 18. Mwenye 30 anajua tangu Mei kwamba 12 hawana chakula, na ana muda wa kuamua: kuuza Juni wakiwa wamenona, kukodi mabua, au kuwapeleka kwa ndugu. Akisubiri Oktoba atauza ng'ombe aliyekonda kwa bei ya wanaouza wote kwa pamoja.

Hatua ya 6: Kufungua ngitili

Anza na sehemu iliyo mbali na maji. Agosti ng'ombe bado wana nguvu za kutembea. Iliyo karibu na lambo ibaki kwa Oktoba, wakati hata kilomita tatu ni mzigo kwa ng'ombe mwenye mimba. Karibu wote hufanya kinyume kwa sababu ng'ombe wenyewe hupenda karibu, na hapo ndipo mchungaji anapotakiwa kuwa na msimamo.

Fungua kwa mikanda, wiki moja kwa mkanda. Kundi likiachiwa eneo lote hukanyaga nyasi kavu, hulala juu yake, huinyea, na ng'ombe hali nyasi iliyonyewa.

Maganda ya mgunga yakianguka ni chakula kizuri chenye protini. Mbegu nyingi hupita tumboni zikiwa hai na kuota kwenye kinyesi, na mkulagembe huenea kwa njia hiyo hiyo. Ukiona miche kwenye zizi la zamani au kando ya njia za ng'ombe, ing'oe mwaka ule ule.

Kwenye miombo ya Sikonge, Urambo na Kaliua kuna jambo la ziada: mbung'o. Waepushe ng'ombe na vichaka vizito vya kandokando ya mito, na umwone afisa mifugo kuhusu kinga ya nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o hao, kabla ya kuhamia. Misitu ya hifadhi ina masharti yake, na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla kuchunga hakuruhusiwi kabisa. Usiweke eneo hilo kwenye hesabu zako.

Moto

Moto wa Septemba na Oktoba unaowashwa ili nyasi zichipue ni hasara mara mbili: unateketeza chakula cha miezi miwili, na chipukizi zake huvuta ng'ombe wa kijiji kizima kukata mashina ambayo hayana mvua ya kuyasaidia. Kama lazima kuchoma ili kuondoa nyasi zilizozeeka, fanya Mei mwishoni au Juni, jioni, nyasi zikiwa na ubichi kidogo, kipande kimoja tu, na usikichunge hadi masika kifike kimo kile cha sentimita 20. Ngitili izungushiwe njia ya kuzuia moto ya mita 5 hadi 10, iliyolimwa au kufyekwa kabla ya mwisho wa Juni.

Kurudisha vipara

Tumia zizi lenyewe. Jenga zizi la miiba juu ya kipara, mita 10 za mraba kwa kila ng'ombe, hivyo mita 300 za mraba kwa ng'ombe 30. Walale hapo usiku 7 hadi 10, Septemba au Oktoba. Kwato huvunja gamba la udongo, samadi na mkojo huingia. Hamisha zizi kwenye kipara kinachofuata. Lililoachwa lifunike kwa matawi ya miiba ili lisiingiwe, na uliache masika mazima. Wakikaa zaidi ya wiki mbili samadi huwa nene mno na yanaota magugu badala ya nyasi.

Kipimo cha kila mwaka, na majirani

Kila mwisho wa Aprili tembea hatua 100 kwenye mstari ule ule wa kila kipande. Kila hatua tazama ncha ya kiatu imegusa nini: nyasi ya kudumu, nyasi au gugu la msimu, majani makavu yaliyolala, au udongo mtupu. Andika. Udongo mtupu ukiongezeka kutoka mwaka hadi mwaka, au nyasi za kudumu zikipungua, kipande hicho kipumzike masika nzima inayofuata, na vipande vilivyobaki vichukue siku zake.

Mzunguko huu hauwezi kusimama kama kundi la jirani linaingia siku unayotoka. Peleka mipaka ya vipande na ya ngitili kwenye halmashauri ya kijiji, iingie kwenye mpango wa matumizi ya ardhi, na mkutano mkuu wa kijiji upitishe sheria ndogo yenye tarehe za kufunga na kufungua. Tarehe ziandikwe kabla ya Oktoba, wakati bado hakuna kijani cha kugombania, na wachungaji wenyewe waitwe kwenye kikao hicho pamoja na wenye ng'ombe.